Sura ya Tisa: Wezi Wawili, Wizi Mmoja

Mzee Komeo alikiri kosa kabla chai yake haijapoa.

Aliingia bila kubisha hodi, yeye ambaye watu walimjua kwa adabu. Akavuta kiti kimoja cha magurudumu kutoka kwenye rundo la vibovu lililojaa chumbani, akakaa kama mtu aliyekuja kunyolewa, akapokea kikombe alichomiminiwa na Sajenti, kisha akasema, "Mama Inspekta, usijisumbue tena. Mwizi ni mimi."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viti vya wagonjwa vilivyovunjika. Mkurugenzi wa hospitali aliomba radhi alipomkabidhi Inspekta Chujio ufunguo wake, akasema nafasi nyingine hakuna. Chujio hakujali. Palikuwa na meza, soketi ya umeme na dirisha, na yeye alikuwa ameshatatua kesi ngumu akiwa amekaa juu ya ndoo. Jina hilo la Chujio alibandikwa na polisi wenzake, kwa sababu habari zikipita mikononi mwake makapi hubaki juu na chai hushuka chini. Alilipenda kuliko cheo chake. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani mikubwa, na katika kitengo chote cha makosa ya mtandao hakuna aliyemfikia. Alijua hivyo, wala hakuona haya kujua.

"Wewe," alimwambia Komeo.

"Mimi."

"Ndiye unayechota taarifa za wagonjwa na kuziuza."

"Ndiye mimi."

Na hizo taarifa, msomaji, zilikuwa zinavuja kama paa la makuti yaliyooza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisikia jina la ugonjwa wake kwa mwenye nyumba wake kabla daktari hajamwita kumpa majibu. Binti mmoja aliachwa wiki ya harusi, kwa sababu mama mkwe alijua kipimo ambacho bibi harusi mwenyewe hakumwambia mtu. Watu walianza kuogopa kutibiwa, na hospitali ikiogopwa kuliko ugonjwa, kuna kitu kimeharibika.

Komeo ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kanzidata, yaani ghala la taarifa zote hizo. Jina lake la utani lilitokana na kufunga kwake. Alifunga milango, alifunga droo, alifunga hata sukari yake.

"Uliibaje?" aliuliza Chujio.

"Nilinakili."

"Ukampa nani?"

"Mtu."

"Hana jina?"

"Sikumuuliza."

"Mzee wangu, fundi seremala akija kurekebisha mlango wako unamdai kitambulisho. Leo umempa mtu siri za mji mzima, na jina hukumuuliza?"

Komeo akatazama viatu vyake. "Andika tu, mama. Si nimeshasema ni mimi?"

Chujio hakuandika. Sajenti, jitu la watu lenye uso usioweza kuficha kitu, alikuwa ameshatoa pingu mfukoni. Inspekta akamkata jicho, pingu zikarudi zilikotoka.

"Nenda kazini, mzee. Nikikuhitaji nitakuita."

"Hunikamati?"

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Komeo akatoka amenuna, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Hatua zake hazijaisha kwenye korido, zikasikika nyingine, za haraka haraka. Sajenti akatabasamu kwa sababu kila mtu pale alizijua hatua zile. Zilikuwa za mkuu wa tovuti, ambaye wenzake walimwita Chapchap. Alitembea hivyo, alizungumza hivyo, na tovuti yake, ile ambayo madaktari na wagonjwa walifungua kuona majibu ya vipimo, nayo ilifunguka hivyo. Alikuwa binti wa Komeo wa kumzaa. Pua ile ile, na kidevu kile kile cha kuinuliwa juu.

Akafunga mlango nyuma yake. "Afande, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mwizi."

Sajenti akapaliwa na chai.

"Umempa nani hizo taarifa?" Chujio aliuliza taratibu.

"Watu fulani."

"Majina yao?"

"Siyakumbuki."

"Wewe ambaye unakumbuka namba za simu za wauguzi wote wa hospitali hii?"

Kidevu kikapanda zaidi. "Nimekiri, afande. Nifungeni yaishe. Baba yangu muacheni, ana sukari, hawezi kulala sakafuni."

"Nani amemtaja baba yako hapa?"

Chapchap akafumba mdomo, na alipoona amejinasa mwenyewe, akatoka kwa haraka ile ile aliyoingia nayo.

Sajenti alijipangusa kidevu. "Wezi wawili, wizi mmoja. Tuwafunge wote, afande. Mmoja akikanusha, tunabaki na wa akiba."

Chujio alicheka, kicheko cha moyoni kabisa, maana alishaanza kuona. Akaweka kikombe cha Komeo upande mmoja wa meza, chake upande wa pili.

"Sikiliza, uelewe mara moja. Hapa kuna seva mbili, kompyuta mbili kubwa za kuhudumia nyingine. Hii ni ya baba, kazi yake kuhifadhi. Hii ni ya binti, kazi yake kuonyesha. Daktari akitaka majibu, anafungua tovuti kwa binti, na seva ya binti inakwenda kuomba kwa seva ya baba. Sawa?"

"Sawa."

"Jana nilimwonyesha kila mmoja kumbukumbu za seva yake. Za baba zinasema, kila kilichotoka ghalani kiliombwa na seva ya binti. Za binti zinasema, hakuna aliyefungua tovuti kuomba vitu hivyo. Baba akisoma za kwake anamwona nani?"

"Binti yake."

"Na binti akisoma za kwake?"

"Anamwona baba, kachota halafu kasingizia seva ya... Loo!"

"Umeona? Kila mmoja amekimbia kumkinga mwenzake. Damu nzito kuliko maji."

"Kwa hiyo hakuna mwizi?"

"Yupo. Anaweza kuwa mmoja wao kweli, hilo bado sijalitupa. Lakini tazama." Akapitisha kidole mezani, kutoka kikombe hadi kikombe. "Huyu analinda nyumba yake na yule analinda yake. Joto la mashine wanalipima, nafasi wanaipima, na skrini zao zote kijani kibichi. Njia ya kutoka huku kwenda kule, nani anailinda?"

Sajenti akatazama meza tupu katikati ya vikombe. Akakiri kwamba hamwoni mtu.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na zulia, kiyoyozi na Mshauri. Mshauri aliajiriwa kukagua usalama wa mitambo kabla ya uvujaji kujulikana, na tangu hapo hakuondoka. Suti yake ilinyooka, manukato yake yalifika kabla yake, na alizungumza polepole kama anayewaonea huruma wasikilizaji.

"Bodi inakaa alasiri," alisema Mkurugenzi, akijifuta jasho licha ya kiyoyozi. "Wanataka jina. Baba au binti, mmoja wao alale ndani leo. Usiponipa wewe, watachagua wao."

"Mimi niliwaambia tangu mwanzo," alisema Mshauri. "Baba na mwana kwenye funguo mbili za nyumba moja? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mkiniuliza, mzee ndiye. Ana kiburi mno."

"Kiburi si kosa la jinai," alisema Chujio. "Lingekuwa, mimi ningekuwa kwenye kifungo cha maisha. Mkurugenzi, nataka kuwasha ufuatiliaji wa mtandao kwenye seva zote mbili. Niione njia ya kati, nani anaongea na nani, na anabeba mzigo kiasi gani."

Mkurugenzi akamgeukia Mshauri, kama alivyozoea kila akisikia neno asilolijua.

Mshauri akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Haiwezekani, dada yangu. Zile seva zinafanya kazi sasa hivi. Kuweka kitu cha namna hiyo ni lazima uzizime zote mbili, ufungue, upange upya. Siku nzima. Wagonjwa wapo kwenye vyumba vya upasuaji. Nani atabeba roho zao?"

"Lazima kuzima?"

"Lazima. Mimi hii ni kazi yangu."

Chujio alimtazama kwa muda kupitia miwani yake. Kisha akainamisha kichwa, mnyenyekevu kama mwanafunzi mpya. "Asante kwa kunifundisha. Basi tusubiri wagonjwa wapungue. Alasiri, kabla ya bodi, tutazizima na kuanza kufuatilia. Mpaka wakati huo hatuoni chochote, tutavumilia."

Sajenti alimfuata koridoni akiwa ameduwaa. Alikuwa amemtumikia Inspekta miaka mingi, na hakuwahi kumwona akifundishwa na mtu.

"Afande, kweli lazima kuzima?"

"Sajenti, ukitaka kumvalisha mlinzi wako miwani, unabomoa nyumba?"

"Hapana."

"Basi twende."

Chumba cha Komeo kilikuwa baridi na safi kuliko chumba cha upasuaji. Nyaya zimefungwa kwa vitambaa vya rangi, hakuna hata moja iliyojikunja. Seva ilinguruma kwa sauti moja. Chujio akasimama akaitazama kazi ile kwa heshima, maana fundi humjua fundi.

"Humu ndani kuna programu ya kupima joto na nafasi," alisema. "Mnaiita Mlinzi."

"Ipo. Niliiweka kwa mkono wangu."

"Mlinzi huyo ana sehemu ya kutazama mtandao. Imezimwa tangu siku aliyozaliwa. Nataka uiwashe."

Komeo akasimama kati yake na mashine. Hakuwa mtu mkubwa, lakini wakati ule alijaa chumba. "Hakuna. Mashine hii haijawahi kuguswa na wazo la mtu mwingine. Daktari Mkuu mwenyewe anaomba ruhusa kuingia humu."

"Nikikuamuru?"

"Niamuru. Nimeshakiri, unatafuta nini tena?"

"Ndiyo hilo sasa nauliza. Mwizi ni wewe, umeshasema. Nikiwasha taa nitakuona wewe. Sasa unamwogopea nani, mzee?"

Komeo alikuwa mwerevu, na mwerevu akinaswa hujua kanaswa. Angekataa, angetangaza kwamba kuna mwingine wa kumficha. Akakaa kwenye kiti chake, mikono imelegea mapajani.

"Usinifanyie hivi, mama," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika.

Chujio akavuta kiti. "Mzee, leo alasiri wanataka jina. Wakichagua wao, watamchukua yeyote. Mimi nikichagua, namchukua mwenye kosa. Wewe umeishi na mashine hizi, unajua hazina upendeleo. Nipe nafasi nione."

Kisha Komeo akavuta kibodi. Na hapo, jamani, ungependa kumwona. Alikuwa na hofu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini vidole viliposhika kazi vilisahau yote hayo. Kwanza akatengeneza nakala ya mipangilio ya Mlinzi, ili kitu kikiharibika arudishe. Akahakikisha Mlinzi ni toleo linaloafikiana na mashine. Akaifungua ile sehemu ya mtandao, akabadilisha neno moja, kutoka kuzimwa kuwa kuwashwa. Akampa Mlinzi ruhusa ya kutazama, si ya kugusa. Mwisho akamwamsha upya Mlinzi peke yake.

"Kanzidata je?" aliuliza Sajenti, pumzi ameishika.

Komeo akamwonyesha skrini ya pili, ambako maombi ya madaktari yalikuwa yanapita bila kukatika. "Haijapepesa hata jicho," alisema, na licha ya yote, kidevu kikapanda. "Mtu akikwambia kazi hii inahitaji kuzima seva, ujue hajui kazi. Au anajua, na ana lake."

"Nimesikia hivyo," alisema Chujio.

Walipofika kwa Chapchap mambo yalikuwa yale yale. Akakataa, akanaswa kwa swali lile lile, akamlaani Chujio kimoyomoyo, akakaa, akaifanya kazi kwa usafi ule ule, ila kwa kasi ya kutisha. Nakala kwanza, ruhusa baadaye, Mlinzi peke yake akaamshwa. Tovuti haikuyumba. Inspekta alitazama vidole vyake, akawaza kwamba mtu aliyemfundisha binti huyu angeweza kulala akicheka. Hakulisema. Wakati wake haujafika.

Skrini ikaanza kuchora. Duara moja likatokea, seva ya baba. Duara la pili, seva ya binti. Katikati yao mstari mnene, ukihesabu mzigo unaopita.

"Sasa tunasubiri nini?" aliuliza Chapchap kwa ukali wa mtu anayengoja kuumizwa.

"Mwizi ameambiwa kwamba kuanzia alasiri ataonekana. Wewe ungekuwa mwizi ungefanya nini?"

"Ningechota cha mwisho kabla..." Akamgeukia. "Nani ameambiwa?"

Hakujibiwa, maana mstari mwingine ulijitokeza kwenye seva ya baba, ukaelekea pembeni kabisa, kwenye mashine isiyo na jina.

"Huyo!" Sajenti akaruka. "Anatoa vitu kwa baba moja kwa moja! Mzee ndiye!"

Chapchap akashika ukingo wa meza. Rangi ilimtoka, na kwa mara ya kwanza alikaa bila kuchezesha hata kidole.

Chujio akapiga simu ya mezani. "Mzee Komeo, kuna mashine inavuta vitu kwako, ipo upande wa maabara."

"Hiyo ni ya nakala rudufu," sauti ya Komeo ilijibu, imejaa dharau. "Unadhani naweka mayai yote kikapu kimoja? Nenda kaiguse uone vumbi lake."

Sajenti alitumwa, akarudi na vumbi kwenye vidole. Ilikuwa kabati lenye mashine ya nakala, na waya wake ulikwenda ukutani tu. Chapchap akapumua.

"Makapi," alisema Chujio. "Yabaki juu. Tutazame chai."

Wakatazama. Mchana ulisogea. Koridoni vitanda vilipita vikilia magurudumu, muuguzi alimgombeza mtu aliyeingia na viatu vyenye matope. Kisha mstari wa kati, kutoka kwa baba kwenda kwa binti, ukaanza kunenepa. Ukanenepa, ukanenepa, mpaka ukawa kama mkono.

"Seva yangu inaomba vitu," alinong'ona Chapchap. "Vingi. Lakini tovuti haina wageni wa kiasi hicho, tazama, ni madaktari wachache tu."

"Kwa baba yametoka mapipa," alisema Chujio, macho hayabanduki. "Kwako wewe wateja wanachukua vikombe. Sasa niambie, binti yangu, maji mengine yanakwenda wapi?"

Chapchap alikuwa ameshaanza kubofya. Alikuwa hachelewi kuelewa, na alipoelewa, woga uliruka dirishani akabaki fundi mwenye hasira. "Hayatokei mlango wa tovuti. Yanatokea mlango wa mafundi, ule wa matengenezo. Ndiyo maana kumbukumbu za tovuti hazikumwona. Mtu kaingia kwa mlango wa nyuma wa seva yangu, anaitumia kama mtumwa. Kwa baba inaonekana nimeomba mimi."

"Anatoka wapi?"

"Ukumbi wa mafunzo. Humu humu ndani." Akasoma jina lililotumika kuingilia, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mungu wangu! Hili jina nililifungua mimi. La ukaguzi. Alisema kazi yake ikiisha atanijulisha nilifunge."

"Nani alisema?"

"Mshauri."

Chujio akasimama, akanyoosha sketi yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu alikuwa nguoni kabisa, tena suti. "Baki hapa na simu. Usimguse, usimfungie mlango. Nitakuuliza kitu kimoja tu: mstari upo au haupo."

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa na kompyuta nyingi zilizofunikwa vitambaa. Mshauri alikaa pembeni, kompyuta mpakato yake wazi, akinywa maji. Alipomwona Inspekta akatabasamu, lakini mkono wake ulishusha kifuniko.

"Dada yangu! Naandaa maelezo ya bodi."

"Endelea tu. Mimi natafuta waya." Chujio akaweka simu sikioni. "Chapchap?"

"Mstari upo, afande. Umenona."

Inspekta akainama kwenye kompyuta ya kwanza ukutani, akachomoa waya wake wa mtandao. "Je?"

"Upo."

Akaurudisha, akachomoa wa pili. "Je?"

"Upo."

Akaendelea hivyo meza kwa meza, bila haraka, akichomoa na kurudisha. Sajenti alisimama mlangoni akauziba wote. Mshauri aliacha kunywa maji.

"Unafanya nini lakini? Utaharibu mitambo ya watu."

"Siharibu. Niliambiwa naharibu nikizima seva, na sijazima hata moja. Je, Chapchap?"

"Bado upo."

Akafika kwenye meza ya Mshauri. Waya wa kijivu ulitoka kwenye kompyuta mpakato, ukapita chini ya zulia hadi ukutani. Chujio akauchomoa.

Kisha sauti ya Chapchap ikapasuka simuni hadi Sajenti akaisikia mlangoni. "Umekatika! Afande, umekatika!"

Akauchomeka. "Je?"

"Umerudi!"

Akauchomoa tena, kwa raha zake kabisa. Hakuwa na haja tena ya kuuliza.

"Nilikuwa nakagua," alisema Mshauri. Manukato yake hayakusaidia kitu, jasho lilikuwa limeshinda. "Mimi nimeajiriwa kukagua."

"Unakagua kwa kuwanakili wagonjwa wote, kompyuta imefunikwa, siku uliyoambiwa ndiyo ya mwisho ya giza? Tena ulikosea kitu kidogo. Ulinidanganya kuhusu kazi yangu. Mtu aliyesomea mambo haya akisema lazima seva zizimwe, ama ni mjinga ama anaficha kitu. Wewe si mjinga. Njia ya mwongo fupi, kaka, na yako ilikuwa na urefu wa waya huu." Akageuka. "Sajenti, zile pingu zako za asubuhi ziko wapi?"

Zilitoka kwa furaha.

Bodi ilipokutana, jina walilopewa halikuwa walilotegemea, na kompyuta mpakato iliyofunguliwa mbele yao ilikuwa na wagonjwa wa mji mzima ndani yake. Mkurugenzi alitaka kumpongeza Inspekta kwa hotuba. Inspekta alimwomba dakika, akaenda zake stoo, akawaita Komeo na Chapchap.

Walikaa kila mmoja kwenye kiti chake kibovu, hawatazamani.

"Mwizi amekamatwa, mmesikia," alisema. "Kuna jambo moja limebaki. Kumdanganya askari ni kosa, na mimi nina watu wawili waliokuja humu asubuhi kukiri wizi ambao hawakuufanya."

"Wawili?" alisema Komeo.

"Wawili?" alisema Chapchap.

Ndipo wakatazamana. Binti alielewa kwanza, kama kawaida yake.

"Baba. Ulidhani mimi ni mwizi."

Komeo akatazama tena viatu vyake.

"Ulikaa humu ndani ukadhani mimi, wewe ndiye uliyenifundisha kufunga, mimi ni mwizi."

"Na wewe je?"

Kidevu cha Chapchap kikashuka. Sajenti alijifanya anarekebisha gurudumu. Chujio hakuingilia. Aliona jinsi lilivyowauma, na uchungu huo haukuwa wa polisi kuutuliza.

"Ungeniuliza," alisema binti hatimaye, machozi yameshafika.

"Niliogopa ungenijibu."

Akainuka mzee yule, akasimama mbele yake. "Nilidhani, siwezi kukuficha. Usiku kucha nimedhani. Nikasema, hata akiwa mwizi ni wangu, na hawamchukui nikiwa hai. Ndivyo nilivyokuja hapa. Wewe ulikujaje?"

"Nilikuja hivyo hivyo, baba."

Komeo akabaki amesimama. Kitu kilimpanda polepole kutoka kifuani, kikafika usoni, na uso ule wa kufungafunga ukafunguka wote. Akamgeukia Inspekta.

"Mama, liandike hilo kwenye ripoti yako. Kwamba huyu alikuja kufungwa kwa ajili yangu. Andika jina lake kamili, na la kwangu nyuma yake."

"Nikiliandika, mzee, nitalazimika kumshtaki."

"Basi usiandike. Nitasema mwenyewe."

Akafungua mlango, akatoka koridoni. Muuguzi wa kwanza aliyepita na sinia la dawa alishikwa bega, hata sinia likayumba.

"Unamwona yule?" alisema Komeo kwa sauti iliyofika wodi ya pili. "Yule pale, anayefuta machozi. Alitaka kufungwa yeye ili mimi nilale nyumbani! Yule ni wangu! Nimemzaa mimi!"

"Baba, jamani, kimya, wagonjwa wamelala!" Chapchap alimkimbilia, akamvuta mkono.

"Waamke!" alisema Komeo.